Kijana Aliyekataa Kupanda Boti na Mama

“Panda boti, wewe! Si upande!”

Nerima alikuwa ameinuka kwenye stuli, anainyooshea runinga kidole kana kwamba waliomo ndani wanamsikia. Ilikuwa Jumatano saa kumi alasiri, huku mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, katika nyumba ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nerima ni jirani tu. Wenye nyumba walikuwa wawili. Nafula, muuza samaki wa kukaanga, alikuwa amejifunga leso, macho chini. Binti yake wa pekee, Nasambu, alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hajakionja.

Kipindi chenyewe kinaitwa Nani Atabaki. Vijana kumi wasio na wapenzi wanafungiwa katika jumba moja, kila wiki wanapewa shindano, na anayeshindwa anafungasha. Atakayebaki wa mwisho anapewa gari jipya la mizigo. Wiki hii shindano lilikuwa la kuvua samaki kwenye bwawa moja nje ya jiji. Kila kijana anapata boti ndogo, ufito mmoja wa ndoano, mkebe wa nyungunyungu, na mama mmoja muuza samaki wa kumwelekeza. Kijana anavuta, mama anapokea. Dakika arobaini zikiisha, samaki wanawekwa kwenye mizani. Mwenye mzigo mwepesi anaenda kwao.

Walikuwa wamebaki wanne. Watatu walishapanda. Wa nne alisimama ukingoni kama mti. Huyo ndiye Phares, fundi wa kuchomelea vyuma kule mtaa wa Baba Dogo. Na mama aliyeketi ndani ya boti akimngoja, wajukuu wangu, alikuwa ni huyu huyu Nafula.

Walirekodi wiki mbili nyuma. Nafula alitia sahihi karatasi kwamba hatasema yaliyotokea, na kweli hakusema. Alirudi tu siku ile uso umefunga, akalala bila kula.

“Phares, muda unaenda,” mtangazaji Magan alisema kule ndani ya runinga. “Kuna shida?”

“Hakuna.”

“Unaogopa maji?”

“Hapana.”

“Basi unamwogopa mama?”

Phares aliangalia pembeni. “Sio kuogopa.”

“Ni nini sasa?”

“Nipe mama mwingine.”

“Sheria hairuhusu. Ni huyu uliyeokota jina lake kwenye kikapu.”

“Basi nitavulia hapa hapa.”

Akaingia majini na suruali yake, mpaka kiunoni, ufito mkononi, uso ameuelekeza upande ambao hakuna mtu.

“Woi!” Nerima alipiga makofi. “Mjaluo, mtu wa ziwani, ameogopa boti! Leo Wajaluo wote wanazima tivii kwa aibu!”

“Sio boti,” Nafula alisema polepole. “Ni mimi.”

“Wewe umefanyaje, Mama Nasambu?”

“Nerima, nimekaanga samaki miaka kumi na tisa. Harufu imeingia mpaka kwa kitambaa cha kanisa. Yule mtoto alinitazama mara moja tu, akaomba mama mwingine. Umesikia kwa masikio yako. Walipomnyima, akaona afadhali ashindwe kuliko kukaa karibu na mimi.”

“Ala! Na vile ana sura ya mtu wa heshima!”

“Sura haina kazi.”

Macho ya Nasambu yalikuwa kwenye runinga. Dakika arobaini ziliisha, samaki wakapimwa. Msichana mmoja anayeitwa Lorine alikuwa na samaki tisa wanene aina ya ngege. Phares alikuwa na mmoja, wa kutosha paka mwenye haya. Lorine akamkumbatia akilia machozi ya kuonekana. Hapo ndipo Nasambu alipoweka kikombe chini, kwa kishindo.

“Na wewe umekasirikia nini?” Nerima aliuliza.

“Chai imepoa.”

Sasa niwaambie alichokuwa anakijua Nasambu peke yake ndani ya nyumba ile. Phares alikuwa mtu wake. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Walipendana vizuri, lakini kwa kujificha, na anayeficha alikuwa Nasambu.

“Mimi ni kosa gani unalolificha hivi?” Phares alimwuliza siku ya mwisho walipoonana.

“Subiri kidogo. Mama anataka mtu wa kwetu.”

“Hiyo kidogo yako ina mwaka.”

“Anasema watu wa kwingine hawajui kuheshimu mkwe. Anasema mtoto wa Kibukusu hata umwamshe usingizini anajua mama mkwe ni nani.”

“Kwani sisi tumelelewa na nani? Si unipeleke aone?”

“Nimesema subiri, Phares.”

Wiki ile ile Phares aliitwa kwenye kipindi. Nasambu akashikwa na hasira, akamwandikia:

“Nenda kabisa. Wakikuuliza kama una mtu, sema huna. Hutakuwa umedanganya.”

Phares hakujibu. Lakini kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa, Magan alimwuliza, naye akasema mbele ya kamera, “Sina mtu.” Nasambu alilia siku tatu, mama yake akidhani ni tumbo. Na siku ya nne, Nafula alipomwambia kwamba kuna kijana anaitwa Wakoli, karani wa reli, anaishi mtaa wa Fedha, watu wake wangependa kuja kujulishana, Nasambu akajibu bila kuinua kichwa:

“Waje.”

Wakapangiwa Jumapili. Hii Jumapili inayokuja. Siku nne zimebaki, na Nasambu sasa anajiuliza kitu kimoja tu: Phares alikataa kupanda ile boti kwa sababu gani?

*

Alhamisi Nafula alipeleka karai lake barabarani kama kawaida. Kijana mmoja wa boda akasimamisha pikipiki.

“Mathe, niaje? Yule msee alikuruka, alikukataa kabisa kwa tivii! Ati ni ukweli unanuka omena?”

Nafula aligeuza samaki kwenye mafuta bila haraka.

“Wewe umekula samaki wangu miaka kumi na hujapata mke. Pengine ndiyo hiyo harufu.”

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani jioni hakuwa anacheka. Aliketi, akavaa miwani, akachukua simu ya Nasambu, akaanza kutazama kile kipande cha bwawani. Alikitazama mara moja. Mara mbili. Mara ya sita Nasambu akachoka.

“Mama, acha kujiumiza.”

“Sijiumizi. Kuna kitu hapa kinanitekenya. Njoo uone.”

“Nimeona tayari.”

“Umeona, hujatazama. Hapa nilikuwa napanda boti. Niliteleza. Nani alikuwa karibu na mimi?”

“Phares.”

“Ona anafanya nini.”

Kwenye simu, Phares aliruka kama aliyeungua. Akachomoa kasia kutoka kwa boti, akamnyooshea Nafula upande wa mpini. Nafula akashika kasia, akasimama.

“Si amekusaidia, mama.”

“Kwa kasia! Mikono anayo miwili, mizima. Mtu wa kunionea kinyaa hawezi kuruka vile. Na kama hanionei kinyaa, mbona asinishike mkono?”

“Labda alikuwa na matope.”

“Rudisha nyuma. Hapo, hapo. Hapa wameokota karatasi zenye majina yetu. Wenzake wote wanasoma kwa sauti. Na yeye?”

“Amempa Magan amsomee.”

“Hajui kusoma?”

“Anajua.”

“Umejuaje?”

“Si... kipindi cha kwanza alisoma sheria za nyumba.”

“Haya. Alijua kusoma juzi, akasahau akiona jina langu. Na hii kofia aliivua kwa nini? Jua lilikuwa kali, nilikuwepo.”

Nafula aliweka simu mezani. Akavua miwani. Mimi hapo ndipo ningetoka nje kama ningekuwa Nasambu, lakini yule mtoto alibaki ameketi.

“Kitendawili,” Nafula alisema.

“Mama, sio sasa.”

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Ananikimbia na simdai. Hataji jina langu na hajalisahau. Hanipi mkono na wala hana kinyaa.”

Nasambu alijua. Kwa maana alikumbuka sasa vile Phares alivyokuwa akizunguka nyuma ya maduka kila jioni ili asipite mbele ya lile karai, na vile yeye alivyodhani ni aibu tu ya kijana.

“Sijui, mama.”

“Umeshindwa? Basi nipe mji.”

“Nakupa Bondo.”

Neno lilitoka kabla hajaliona: Bondo, kwao Phares, kule kwa Wajaluo. 

“Bondo,” Nafula alirudia.

“Eeh... mji wowote si ni mji.”

“Nasambu, sisi ni watu wa Bungoma. Tangu ukiwa mdogo ukishindwa unanipa Webuye. Unanipa Kitale. Ukikasirika unanipa Mombasa niende mbali. Leo hii Bondo imetoka wapi?”

“Imekuja tu.”

“Haya. Nimekwenda Bondo. Nimepewa kiti, nimepewa chai, nimewauliza habari za watoto wao waliozaliwa Nairobi. Na jibu nimerudi nalo.” Alimkazia macho. “Ni mkwe. Mkwe ndiye hufanya hivyo. Na mimi nina binti mmoja.”

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Nasambu aliona Jumapili, akaona watu wa Wakoli wakishuka na mikoba, akaona uso wa mama yake.

“Mama, mimi simjui yule.”

Nafula akakunja miwani.

“Sawa,” alisema kwa sauti ndogo. “Basi ilikuwa kinyaa.”

Akaenda nyuma ya pazia. Nasambu akasikia kitanda kikilia. Na wajukuu wangu, kuna “sawa” inayouma kuliko kofi.

*

Ijumaa asubuhi simu ya Phares ilikuwa imewashwa kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye lile jumba, kwani anayeshindwa haachiliwi mpaka kipindi chake kionyeshwe. Nasambu aliandika kwanza.

“Umerudi?”

“Nimerudi.”

“Mama anafikiri ulimwonea kinyaa.”

“Najua. Nimesoma wanachoandika watu. Nimeitwa kila kitu isipokuwa binadamu.”

“Si ungesema ukweli?”

“Ukweli upi? Kwamba ni mama wa msichana aliyeniambia niseme sina mtu?”

Nasambu alipiga simu. Ililia mara moja tu.

“Phares, tulikuwa tumeachana. Ungepanda tu. Nani angejua?”

“Mimi ningejua. Boti yenyewe umeiona? Ni magoti kwa magoti, dakika arobaini. Nimpokeze samaki mkono kwa mkono. Nimpigie kelele, ‘Vuta mama, shika mama!’ Halafu mwaka ujao nije kwake na wazee wangu? Nitamwangaliaje? Si hata shangazi yangu Aloo atakataa kunisindikiza?”

“Mwaka ujao gani? Nimekwambia tulikuwa tumeachana.”

“Wewe ndiye uliyeachana. Mimi sikumbuki kuujibu ule ujumbe.”

Nasambu alifunika mdomo kwa mkono.

“Na kile ulichomwambia Magan? Kwamba huna mtu?”

“Nilisema ulichoniagiza. Ningesema ninaye, wangeniuliza jina. Na jina lako ulinikataza nisilitaje popote.”

“Gari je? Ulilitaka sana hilo gari.”

“Nililitaka. Bado nalitaka. Sitakudanganya, niliumia. Nilipokuwa ndani ya yale maji nilihesabu vyuma vyote ambavyo ningebeba nalo. Lakini ningelipata nikampita mama yako nalo barabarani, ningemwambia nini?”

“Na Lorine?” Swali hili lilimtoka dogo, kama kikohozi.

“Lorine alilia kwa sababu kamera ilikuwa inawaka. Ilipozimwa aliniuliza kama nitamaliza soda yangu.”

Nasambu alicheka huku machozi yanateremka. Phares hakucheka.

“Kesho saa tano wananiita studio, kipindi cha kuwaaga walioshindwa. Kitakuwa moja kwa moja. Watanibana. Usiogope, sitakutaja.”

“Kwa nini usinitaje?”

“Kwa sababu nikikutaja mimi, nitakuwa nimekutoa kwa nguvu. Nataka utoke mwenyewe au ubaki.”

“Phares... Jumapili kuna watu wanakuja kwetu. Watu wa Wakoli.”

Kule upande wa pili kulisikika mashine ya kukata chuma, kisha ikazimwa.

“Umewakubali?”

“Nilisema waje.”

“Basi uwe na Jumapili njema, Nasambu.”

Simu ikakatika.

*

Jumamosi kabla ya saa tano Nerima alikuwa ameshafika, amebeba stuli yake. Simu ya Nafula ikalia. Ilikuwa kutoka kwa watu wa runinga: wangependa mama aliyekataliwa aongee na kijana moja kwa moja, amsamehe au asimsamehe, Kenya isikie.

“Nitaongea,” Nafula alisema. “Nimekuwa na maneno tangu Jumatano.”

Kwenye runinga Phares aliketi kwenye kiti chekundu, shati limepigwa pasi, uso hauna usingizi. Magan alikuwa amechangamka kama mtu aliyenusa pilau.

“Phares, Kenya nzima inauliza. Kwa nini?”

“Nilishindwa. Naomba mama anisamehe kama alijisikia vibaya.”

“Hilo sio jibu. Ulikataa mama anayeuza samaki kwenye shindano la samaki! Watu wanasema ni dharau.”

“Waache waseme.”

“Ni dharau?”

“Hapana.”

“Ni maji?”

“Hapana.”

“Ni nini?”

“Siwezi kusema.”

“Basi labda utamwambia yeye. Mama Nafula yuko nasi kwenye simu. Mama, unatusikia?”

Phares aliinuka ghafla. Akasimama kando ya kiti, mikono mbele, kichwa chini.

“Nawasikia,” Nafula alisema, na sauti yake ikatoka kwenye simu na kwenye runinga kwa pamoja. “Huyo kijana amesimama kwa nini?”

“Hata mimi sijui, mama. Ongea naye tu.”

“Siwezi.”

“Huwezi?”

“Bado sijajua ni nani kwangu. Wewe Magan, kwenu hamna wakwe?”

“Wapo, mama, lakini...”

“Basi ngoja hapo.”

Nafula alifunika simu kwa kiganja. Akamgeukia binti yake. Nerima akasahau kufunga mdomo.

“Nasambu, nisikilize. Hii simu ina njia mbili. Kama yule si kitu kwetu, nitamtukana sasa hivi, na matusi ninayo, nimeyapanga vizuri kama samaki kwenye sinia. Lakini kama ni mkwe wangu, mimi siwezi kumsemesha hivi hivi. Itabidi useme wewe. Nibaki nayo, au nikupe?”

“Mama...”

“Nibaki nayo au nikupe?”

“Mama, watu wa Wakoli...”

“Sijauliza Wakoli. Nimekuuliza simu.”

Kule studio Magan alikuwa anagonga kile kidude cha sikioni. Phares bado amesimama. Nasambu alimwona vile alivyosimama, peke yake mbele ya watu wote, akilinda siri ambayo haikuwa yake. Akaona pia mkono wa mama yake ulioshika simu, wenye alama za mafuta ya moto. Wote wawili walikuwa wamebeba aibu yake yeye.

Akanyoosha mkono. Akachukua simu.

“Haloo. Mimi naitwa Nasambu. Mimi ni binti wa huyu mama.”

Phares alifumba macho.

“Karibu, Nasambu. Na wewe una la kusema?”

“Phares hakumwonea mama yangu kinyaa. Wala haogopi maji. Phares ni mchumba wangu. Huyo mama mliyemweka kwenye boti ni mama mkwe wake. Ndiyo sababu hakusoma jina lake. Ndiyo sababu alimpa kasia badala ya mkono. Kwetu mkwe hawezi kukaa magoti kwa magoti na mama mkwe, na kwao pia hawezi. Mama hakumjua kwa sababu nilimficha. Juzi mama aliniuliza usoni, nikasema simjui.” Alivuta pumzi. “Nilidanganya. Msimcheke tena. Kama kuna wa kuchekwa, nipo, naishi Lucky Summer.”

Magan akasema:

“Lakini Phares, kipindi hiki ni cha wasio na wapenzi! Ulisema huna mtu!”

“Aliniambia niseme sina.”

“Na sasa anasemaje?”

“Mwulize yeye. Simu anayo.”

“Nasambu?”

“Sasa nasema anaye.”

Studio ikalipuka makofi. Nerima akaanguka kutoka kwenye stuli, kweli kabisa, akapiga vigelegele pale pale sakafuni. Na Nafula? Nafula alijifunga leso upya, akaenda moja kwa moja hadi kwenye runinga, akaizungusha ikatazama ukuta.

“Mama Nasambu, unafanya nini?” Nerima alipiga kelele. “Ndio kunaanza kunoga!”

“Mkwe wangu yuko sebuleni,” Nafula alisema, akaingia nyuma ya pazia.

Nasambu alimfuata, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Nisamehe, mama. Ulisema watu wa kwingine hawajui kuheshimu mkwe. Niliogopa.”

“Nilisema, na nilisema vibaya.” Nafula alifuta macho kwa pembe ya leso. “Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa sijui kusoma heshima ikiwa imesimama majini na suruali. Lakini wewe, siku nyingine nikikutegea kitendawili, nijibu. Usinitembeze mpaka Bondo na miguu hii.”

“Na Jumapili?”

“Wakoli mpigie mwenyewe, sasa hivi. Usitume mtu.”

Nasambu akapiga. Wakoli alisikiliza mpaka mwisho.

“Nimekuona kwa tivii,” alisema. “Nilikuwa napiga viatu rangi vya hiyo kesho.”

“Nisamehe, Wakoli. Nilisema ndiyo kwa hasira za mtu mwingine. Hukustahili.”

“Ni kweli, sikustahili. Lakini afadhali leo kuliko wazee wangu wakiwa wamekaa kwako. Mama yangu mwachie mimi, nitamweleza. Kwaheri, Nasambu.”

Halafu akapiga ya pili.

“Phares?”

“Mmm.”

“Mama anauliza kama shangazi yako Aloo anaweza kuja kesho. Anasema chakula kilishanunuliwa.”

“Na wewe unauliza nini?”

“Nauliza kama utanisamehe.”

“Nitakuja nikujibu. Maana hili nataka kulisema mchana, mlangoni kwenu, watu wakiniona.”

*

Jumapili saa saba mchana Phares alifika na shangazi Aloo na mzee mmoja wa kwao, Otiende. Upande wa kina Nasambu alikaa baba yake mdogo, Mulongo, kwa kuwa baba mwenyewe alishafariki. Nafula alikuwa nyuma ya pazia, na maneno yake yote yalipitia kwa shangazi Aloo, aliyekuwa akiingia na kutoka kama mwenye nyumba.

“Binti,” Mulongo alianza, “hawa wageni unawajua?”

“Baba mdogo, Kenya nzima inajua.”

“Kenya sio baba yako. Nijibu mimi.”

Nasambu aliinuka. Hakuangalia chini.

“Nawajua. Huyu ni Phares. Ni mimi niliyechelewa kumleta.”

“Basi tumesikia. Siku ya mazungumzo yenyewe tutapanga. Leo tuleni.”

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, haikutaja jina la mtu: “Shangazi Aloo, kuna mtu hapo hawezi kula mbele yangu. Apelekewe chakula chake barazani, na kiwe kingi.”

Phares alitoka na sahani. Majirani wa ploti nzima walikuwa nje: wanaofua, wanaosuka, wanaojifanya wanaanika nguo zilizokauka jana. Nasambu alisimama mlangoni kidogo. Kisha akabeba kiti, akakiweka karibu kabisa na cha Phares, akaketi.

“Nilikuja na jibu,” Phares alisema.

“Niambie.”

“Nilikusamehe pale uliposema unaishi Lucky Summer. Nikajua huyu sasa hatajificha, ametoa mpaka anwani.”

Nasambu alicheka, akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yake bila kuomba. Nerima akapita na ndoo tupu, kwa mara ya tatu.

“Nasambu, na huyo ni nani?”

“Si unamjua, Nerima?”

“Nataka nikusikie ukisema.”

“Ni Phares. Mchumba wangu.”

“Yule wa kuogopa maji?”

“Yule yule. Sasa sogea kidogo, watu wa ile nyumba ya mwisho hawamwoni.”